Ng'ambo ya Nini? Majina ya Mitaa ya Unguja Mjini

Assalaam alaykum wazee wangu, mabibi na mabwana.

Waliokuja kutoka Ng'ambo jioni hii, nyosheni mikono. Naam, wengi. Sasa niambieni: ng'ambo ya nini? Mmekuja kwa miguu na hakuna aliyelowa.

Jina halikukosea. Mji Mkongwe ulikuwa rasi, na nyuma yake uliingia mkono wa bahari. Maji yakijaa, mji ulikuwa nusura uwe kisiwa. Waliokaa upande wa pili wakawa watu wa Ng'ambo. Pa kuvukia palikuwa na daraja, na ndiyo hiyo Darajani tunakonunua samaki na vitunguu, soko la tangu 1904. Maji yalifukiwa, daraja likaondoka, ikapita barabara. Leo abiria anasema "nishushe Darajani" wala hatazami chini. Forodhani nako forodha hakuna. Kuna bustani, urojo na pweza wa kuchoma.

Mkunazini ndiko kunakonisumbua. Jina la mti wa kunazi, tunda la watoto, na ndipo lilipokuwa soko la watumwa mpaka 1873. Kanisa la Waanglikana likajengwa pale pale. Jina lenyewe limenyamaza, halikusema neno.

Hurumzi, kinyume chake, husemeshwa sana. Watembezaji wa wageni hueleza kuwa ni "huru mzee", kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baada ya amri ya 1897. Kisa kitamu, ila mimi hukipokea kwa mkono mmoja: jina likishafanana na neno, hakikosekani kisa cha kulishonea.

Na msidhani kutia majina kumekwisha. Pale Sokomuhogo, kwenye kona ya kahawa, watu walikusanyika kutazama televisheni, na filamu ya papa mla watu ikawaachia jina: Jaws. Muhogo umeliwa na papa, na hapakupita amri ya serikali wala kibao.

Nilipendalo kuliko yote ni Kajificheni. Si jina hilo, ni amri: nendeni mkajifiche! Pita chochoro zile asubuhi, hamali na mkokoteni wake akupigie kelele "Simile! Simile!" nyuma ya kisigino. Kuta mbili, njia upana wa mkokoteni, pa kukimbilia hapana. Unadandia baraza ya nyumba ya watu, kanzu umeikusanya mkononi, mzee wa baraza anasogeza kikombe chake cha kahawa akupishe.