Grafu Ikigoma, Uliza Faili Kwanza

Habari za mchana, wenzangu. Waandaaji wameniomba nizungumzie grafu zinazogoma, hasa zile tunazozitunga wenyewe. Kwa kuwa wengi humu mnatumia Munin, mfumo wa kufuatilia hali ya seva na kuichora kwa grafu, nitabaki hapo. Wa Cacti, mfumo mwingine wa aina hiyo, msiondoke, maana chini ya mifumo yote miwili kuna RRDtool ileile, chombo cha kuhifadhi namba kwa muda na kuzichora, alichokitoa Mswisi Tobias Oetiker mwaka 1999 baada ya kuandika upya sehemu ya kuhifadhi na kuchora ya MRTG, programu yake ya awali.

Grafu zinazokuja na mfumo, kama za prosesa, kumbukumbu na diski, zimeshapita mikononi mwa watu wengi na kwa kawaida hazisumbui. Kasheshe huanza bosi anaposema, "Nataka nione oda za duka letu la mtandaoni hapohapo pembeni ya grafu ya prosesa." Unaandika skripti ya mistari sita, unaipa jina oda, unaiweka kwenye /etc/munin/plugins iwe plagini, yaani kiongezo cha Munin, unasubiri. Unapata kiboksi cheupe. Au hupati kitu kabisa. Au unapata mstari mzuri, wenye milima na mabonde, ambao hauhusiani na oda yoyote iliyowahi kuuzwa. Mimi huu wa mwisho ndio unaonitisha, kwa sababu kiboksi cheupe mtu atakipigia kelele, lakini mstari mzuri utapelekwa kwenye kikao cha wakurugenzi.

Hapo wengi wetu hukimbilia picha: kubadilisha rangi, kubadilisha vipimo vya mhimili, kufuta kashe ya kivinjari. Picha ni kituo cha mwisho cha safari. Namba inatoka kwenye skripti, inapitia munin-node, programu inayokaa kwenye kila seva inayofuatiliwa na kusikiliza kwenye poti 4949, seva kuu inakuja kuiuliza kila dakika 5 kwa cron, yaani ratiba ya kazi za mashine, jibu linaandikwa kwenye faili la RRDtool, au RRD kwa kifupi, na mchoraji ndiye anayefuata mwishoni. Anza chanzoni, uhoji kila kituo kwa zamu.

Chanzoni kuna kisa kimoja kinachojirudia kila mahali. Mtu ameingia kama root, mtumiaji mwenye madaraka yote, ameendesha skripti yake, imetoa oda.value 57, akaridhika. Lakini munin-node haiendeshi plagini yako kama root. Usipoiambia vinginevyo, huiendesha kwa mtumiaji asiye na madaraka, mara nyingi nobody, na nobody hawezi kusoma lile faili lenye nywila ya hifadhidata. Kwa hiyo jaribu kwa munin-run oda, siyo kwa kuita skripti moja kwa moja. Munin-run inafuata mipangilio ya plugin-conf.d, yaani mtumiaji yuleyule na mazingira yaleyale. Ikibidi, andika humo mtumiaji anayestahili. Tafadhali msiandike root kwa uvivu.

Jaribu pia munin-run oda config, kwa sababu plagini ina majibu mawili, la maelezo na la namba, na jina la uga, yaani jina la namba inayotolewa, lazima lifanane kote kuwili. Ukitangaza oda_mpya kwenye maelezo halafu ukatoa oda.value, hakuna atakayekukaripia. Namba itapotea kimyakimya. Jina lenyewe lianze kwa herufi au mstari wa chini, bila nafasi wala kistari.

Kisha panda kituo kimoja: fungua nc localhost 4949, andika list, halafu fetch oda. Kama munin-run ilijibu na hapa kimya, uliza kwanza kama uliwasha upya munin-node baada ya kuongeza plagini. Uliza la pili kuhusu systemd, msimamizi wa huduma za Linux: huduma ikiwa na ProtectHome au PrivateTmp, plagini inayosoma faili lililo /home au /tmp itakuta patupu, japo wewe kwenye terminali unaliona faili kwa macho yako. Nimewaona watu wenye uzoefu mkubwa wakiapa kwamba seva imerogwa, kumbe ni mstari mmoja kwenye faili la huduma.

Ikijibu hapo, ondoka kwenye seva hiyo, nenda kwenye seva kuu, uulize kutoka kule. Kama unakataliwa, tazama mstari wa allow katika munin-node.conf, na ukumbuke kwamba pale anwani huandikwa kama regex, yaani mchoro wa kulinganisha maandishi, nukta zake zikitanguliwa na mkwaju wa nyuma. Haya hayahitaji muda mrefu, tuingie kwenye faili.

Ukienda /var/lib/munin utakuta kila uga una faili lake, na jina la faili linaishia na herufi: g kwa GAUGE (namba kama ilivyo), c kwa COUNTER (kaunta inayopanda tu), d kwa DERIVE (tofauti kati ya masomo, hata ikiwa hasi), a kwa ABSOLUTE (kaunta inayorudi sifuri kila ikisomwa). Herufi hiyo pekee inaweza kukumalizia kesi. Sasa andika rrdtool info na jina la faili. Ndani mna chanzo cha data kiitwacho 42. Munin imekiita hivyo katika kila faili, na wapenzi wa hadithi za sayansi wanajua kwa nini. Tazama mambo matatu: last_ds, ambayo ni namba ya mwisho iliyopokelewa, min na max, yaani mipaka ya chini na ya juu, na unknown_sec, sekunde ambazo namba haikujulikana. Kama last_ds ni 57, maana yake namba imefika salama, na kosa liko mbele ya hapo. Kisha fanya rrdtool fetch. Ukiona safu ya nan, yaani isiyo namba, ilhali last_ds ina namba, basi RRDtool imeipokea namba yako na kuikataa.

Kwa nini ikatae? Mara nyingi ni mipaka. Umeandika max 100 kwa sababu ni asilimia, halafu mashine ina prosesa nne na programu moja inatumia asilimia 230. Namba inayovuka mpaka haikatwi ikawa 100. Inafutwa, inahesabika haijulikani. Mara nyingine COUNTER na DERIVE zimeletewa desimali, na hizo zinataka namba kamili tu. Au heartbeat: kwa kawaida ni sekunde 600, na namba zikipishana zaidi ya hapo, kipindi kizima kinaachwa wazi. Na tuwe na subira pia. DERIVE inahitaji masomo mawili ndipo ipate tofauti, kwa hiyo plagini ya dakika 7 isiyo na mstari bado haina kosa lolote.

Sasa tuje kwenye uongo, sehemu ninayoipenda. Tuseme skripti inatoa jumla ya oda tangu programu iwashwe, na ukachagua COUNTER kwa sababu jina limekaa vizuri. Jumla imefika 1,000,000, umeme ukakatika, jenereta ikachelewa, seva ikawaka upya, na somo linalofuata ni 200. COUNTER haijui habari za umeme. Inaamini kaunta haipungui kamwe, kwa hiyo hii lazima iwe kaunta ya biti 32 iliyojaa na kuanza upya. Inaongeza 4,294,967,296, inagawanya kwa sekunde 300, na duka lenu limeuza oda zaidi ya milioni 14 kwa sekunde. Mhimili wa wima unajinyoosha hadi milioni 14, na oda zote halisi za wiki hiyo zinalala kwenye sifuri. Ndipo mtu anakupigia simu kwamba grafu ni tupu. Kwa kaunta zetu wenyewe tumieni DERIVE na min 0: seva ikianza upya tofauti inakuwa hasi, inavuka mpaka, na pengo dogo linabaki mahali palipokuwa na pengo kweli.

COUNTER ina haki yake kwenye kaunta za mtandao. Hata hapo, kaunta ya baiti ya biti 32 kwenye kiungo cha gigabiti 1 kilichojaa huzunguka kila sekunde 34 hivi, nawe unaisoma kila sekunde 300. Tumia za biti 64.

Uongo wa pili ni herufi m. COUNTER na DERIVE huchora kiwango kwa sekunde. Duka linalopata oda moja kila dakika 5 lina oda 0.0033 kwa sekunde, na RRDtool huandika 3.33 m. M hiyo ndogo ni mili, sehemu ya elfu, wala siyo milioni. Weka graph_period minute kwenye maelezo ya plagini, na watu wa mauzo watakuelewa zaidi.

Wa tatu ni wastani. Katika mpangilio wa kawaida, faili hutunza masomo ya dakika 5 kwa siku 2 tu. Baada ya hapo ni wastani wa nusu saa, wa saa mbili, kisha wa siku nzima. Foleni iliyopanda hadi 1,000 kwa dakika 5 na kushuka inabaki 3.5 hivi kwenye grafu ya mwaka, kwani siku ina vipande 288. Anayeuliza kilele cha Desemba aonyeshwe safu ya MAX.

Na saa. Faili linatunza muda wa Unix usio na ukanda. Seva ikiachwa kwenye UTC, pilikapilika za saa nane mchana hapa kwetu zitachorwa 11:00, na mtu atatafuta sababu ya wateja kununua kabla ya chakula.

Swali nililoletewa kwenye karatasi: kilele cha uongo kilichokwisha kuandikwa kinaondokaje? Kubadilisha aina au mipaka hakugusi yaliyopita. Simamisha cron ya munin, nakili faili pembeni, weka mpaka wa kweli kwa rrdtool tune, toa XML kwa rrdtool dump, kisha irudishe kwa rrdtool restore ukiwa na -r, inayofuta kila namba inayovuka mpaka. Ukiyafanya haya kama root, faili jipya litakuwa mali ya root, munin haitaweza kuliandikia, na grafu itagoma tena kuanzia dakika hiyo. Lirudishe faili kwa munin kwa amri ya chown kwanza, ndipo uwashe cron.