The Giver: watoto 50 kwa mwaka, hesabu inagoma

BARAKA: Karibuni. Leo tunairudia The Giver, riwaya ya Lois Lowry iliyotoka Marekani mwaka 1993 na kupata Nishani ya Newbery mwaka uliofuata. Ina sura 23 fupifupi. Tutafichua kila kitu hadi ukurasa wa mwisho, kwa hiyo ambaye hajaisoma asije akatulaumu.

SALMA: Na kwa aliyeisahau: Jonas anakaribia miaka 12, anaishi kwenye jamii isiyo na rangi, vilima, theluji wala njaa. Wazee ndio wanaompangia kila mtu kazi. Yeye anateuliwa kuwa Mpokeaji, mtu pekee anayebeba kumbukumbu za ulimwengu wa zamani kwa niaba ya wote. Haya kaka Baraka, toa hesabu zako, najua umekuja nazo.

BARAKA: Nimekuja nazo. Kitabu kinasema kila rika lina watoto 50, labda mmoja awe ameondolewa. Wanazaliwa na wanawake waliopangiwa kazi hiyo: miaka mitatu, uzazi mara tatu, kisha wanakuwa vibarua maisha yao yote. Sasa gawanya 50 kwa 3. Kila mwaka unahitaji wasichana wapya kama 17. Rika lina wasichana wangapi?

SALMA: Nusu ya 50, yaani 25.

BARAKA: Basi theluthi mbili ya wasichana wote wanapelekwa kuzaa! Lakini mama yake Jonas anaizungumzia kazi hiyo kama isiyo na heshima. Kazi inayofanywa na wanawake wengi kiasi hicho ingekuwa ndiyo kawaida, na yeye mwanasheria ndiye angeonekana wa ajabu. Pia kila familia inapewa mvulana mmoja na msichana mmoja. Ili watoto 50 wapate wazazi, lazima ndoa 25 zifungwe kila mwaka, yaani kila mvulana na kila msichana wa rika aoane na mwenzake. Akibaki mmoja bila mwenza, tayari kuna watoto wasio na nyumba.

SALMA: Hesabu nakubali, ila msomaji wa miaka 13 hafiki huko. Mimi kinachonikera ni rangi. Jonas anaona tufaha likibadilika hewani, baadaye nywele za rafiki yake Fiona. Hatuambiwi ni nini kinabadilika hadi sura ya 12, Mtoaji, yule mzee anayempitishia kumbukumbu, anapomwambia kwamba anaanza kuona wekundu. Mpaka hapo safi kabisa. Lakini katika mazungumzo hayohayo Mtoaji anaeleza kwamba ngozi za watu zamani zilikuwa za rangi nyingi, sasa zote zimefanywa sawa, na kwamba nywele za Fiona lazima zinawatia wazimu wataalamu wa jenetiki. Wazimu gani, kama hao wataalamu hawaoni wekundu?

BARAKA: Eh! Hapo sina jibu.

SALMA: Ni mambo mawili tofauti yametiwa chungu kimoja. Kama macho ya watu yamezimwa, hakuna haja ya kubadilisha ngozi. Kama ngozi imebadilishwa, tufaha lilipaswa kubaki jekundu kwa kila mtu. Mwandishi anavuka haraka, na mwendo wa hadithi unamwokoa.

BARAKA: Anachokijenga kwa uangalifu ni ile habari ya kuachiliwa, neno la upole ambalo mwishowe tunagundua maana yake ni kuuawa. Anayesoma mara ya pili aweke alama kila inapotajwa. Sura ya kwanza kabisa, rubani mwanafunzi amepotea njia, na kipaza sauti kinatangaza kwamba ataachiliwa, kwa sauti yenye dalili ya kicheko. Halafu mzee Roberto anaachiliwa kwa sherehe na hotuba. Halafu Rosemary, Mpokeaji aliyetangulia, anaomba mwenyewe baada ya wiki tano. Adhabu, heshima, ombi: kila mara sura nyingine. Ukifika sura ya 19 umeshazoea.

SALMA: Na sura ya 19 haina hata sentensi moja ya kulia. Baba yake Jonas anawapima mapacha ili mwepesi aachiliwe: mmoja pauni 6 kamili, mwingine pauni 5 na aunsi 10. Mwepesi anachomwa sindano kwenye mshipa wa paji la uso, maana mishipa ya mkono ni midogo mno. Kisha boksi, kisha tundu la taka. Muda wote baba anaongea ile sauti ya kubembeleza watoto. Anayefundisha uandishi aanzie hapo, aonyeshe jinsi vitendo vinavyotosha bila kivumishi cha huzuni.

BARAKA: Mwisho je? Jonas ametoroka, yuko juu ya kilima, sledi, taa, muziki, mtoto mchanga Gabriel mikononi.

SALMA: Angalia sheria ya kumbukumbu. Rosemary alipokufa, alizokuwa nazo ziliwarudia watu. Mpango wa Mtoaji ni kwamba Jonas akienda mbali zitarudi vilevile. Maana yake mpango unafaulu akifika salama, na unafaulu akifa kwenye theluji. Jamii itapata maumivu yake kwa vyovyote vile. Ndiyo maana mwandishi aliweza kuuacha mwisho wazi bila kuidhulumu hadithi.

BARAKA: Kisha akaja kuufunga kwenye riwaya yake nyingine, Messenger ya mwaka 2004, Jonas yuko hai, ni kiongozi wa kijiji. Mimi naona hasara.

SALMA: Hasara kubwa zaidi ni filamu ya 2014. Imeanza kwa picha nyeusi na nyeupe, kwa hiyo mtazamaji anajua sekunde ya kwanza kile ambacho kitabu kimekificha sura 11 nzima. Jonas naye wamemkuza, na mtoto wa miaka 12 kuhukumiwa kubeba vita vya watu wazima kukapungua uzito. Mtu asome kwanza, ndipo atazame.