Dawa ya Sukari Iliyogeuka Dawa ya Figo

Assalaam aleikum, na nyote hamjambo. Ahsanteni kwa kunialika hapa Mji wa Kale, Mombasa. Niliombwa nizungumzie mashine ya kusafisha damu, lakini hiyo mnaijua; wengi humu mna ndugu anayelala kando yake saa nne nzima, kisha arudi tena wiki hiyo hiyo. Leo namtaka yule ambaye figo zake hazijafika huko.

Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa kwenye maganda ya mizizi ya mtufaha kitu kichungu, florizini. Baadaye ikaonekana kuwa anayepewa hukojoa sukari. Karne na zaidi ikapita, ndipo zikaundwa dawa za kisukari zinazofuata njia hiyo, dapagliflozini ikiwamo.

Mwaka 2020 yakatoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa wa figo 4,304. Nusu walipewa dapagliflozini, nusu kidonge kitupu. Ulisimamishwa mapema kwa kuwa faida ilishaonekana: figo kuporomoka au kufeli, na vifo vya figo na moyo, kwa jumla vilipungua kwa asilimia 39. Tena karibu thuluthi yao hawakuwa na kisukari kabisa!

Inafanyaje? Akina mama mnakijua kifumbu cha tui; figo nayo huchuja damu vivyo hivyo. Kikikamuliwa kwa nguvu kila siku, nyuzi huachana, machicha yakapita. Dawa hii hulegeza mkono unaokamua. Machicha ya figo ni protini, nayo huweza kuonekana kwenye mkojo miaka mingi kabla miguu haijavimba. Presha ya ndani ya figo ikishuka, kreatinini, taka ya damu inayopimwa kujua hali ya figo, hupanda kidogo wiki za mwanzo. Asiyeelezwa hudhani inamuumiza, akaitupa dawa.

Lakini nani anapima mkojo? Mtu ana presha miaka kumi, kila kliniki anafungwa mkono, mkojo hauulizwi. Dai kipimo cha albumini, ile protini, kwenye mkojo. Mgongo ukimuuma, huyo huyo anapitia madukani Mwembe Tayari kununua diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo hupunguza damu iendayo kwenye figo.

Nimeletewa kikaratasi kinachouliza kuhusu kutumia dapagliflozini ukifunga Ramadhani. Dawa hii huongeza mkojo, na joto letu mnalijua. Muone daktari kabla mwezi haujaandama, usijiamulie. Na siku yoyote ukitapika au kuharisha sana, isimamishe hadi ule na kunywa vizuri, umpigie daktari wako.

Haya, swali jingine.