Mtoto Akisema Yuko Vibaya, Nani Anasoma?

Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Nashukuru kwa mwaliko. Nimeombwa nizungumzie zana za kidijitali, na namna zinavyoweza kuwaunganisha wanafunzi darasani na kukuza stadi zao za kijamii na kihisia. Naona kalamu ziko tayari, mnangoja nitaje programu. Chache nitazitaja, ila mjue kwamba programu nazo hufa. Flipgrid ilizaliwa Chuo Kikuu cha Minnesota, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2018, na walimu wengi waliipenda kwa video fupi za wanafunzi. Kufikia 2024 haikuwepo tena kama programu inayojitegemea. Mwalimu aliyekuwa ameegemea programu alibaki mikono mitupu. Aliyekuwa na utaratibu wake alitafuta chombo kingine akaendelea na kazi.

Kwa hiyo leo nina neno moja tu la kuwaachia: kama huna nafasi ya kulisoma jibu lake na kulijibu, usimuulize mtoto kwenye skrini.

Nianze na hizi stadi zenyewe. Shirika la CASEL la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1994, huzipanga katika mafungu matano: kujitambua, kujidhibiti, kuwatambua wengine, kuhusiana nao vizuri, na kufanya uamuzi wa busara. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Joseph Durlak na wenzake walichapisha uchambuzi wa mipango 213 ya shuleni ya kufundisha stadi hizi, iliyohusisha wanafunzi zaidi ya 270,000. Pamoja na tabia kuboreka, matokeo ya masomo nayo yalipanda. Ukiwapanga wanafunzi 100 kwa alama, mwanafunzi wa katikati angesogea mbele nafasi kama 11. Sasa angalieni: tafiti walizozichambua ziliishia mwaka 2007, wakati simu za kisasa hazijaingia madarasani. Kazi ile ilifanywa na watu, na zaidi walimu wenyewe. Mtu akija kukuuzia programu inayodai kufundisha huruma, mkumbushe hilo.

Basi skrini inatufaa wapi?

Inafaa sana asubuhi, kwenye kujuliana hali. Darasa lina watoto arobaini, hamsini, na kengele imeshalia. Huwezi kumfikia kila mmoja umuulize ameamkaje. Fomu fupi ya mtandaoni inaweza, nayo isizidi maswali matatu. La kwanza: "Umeingiaje darasani leo?" La pili: "Kuna jambo ungependa mwalimu alijue?" La tatu ndilo wengi wanalisahau: "Ungependa tuongee?" Majibu ni ndiyo, hapana, au si leo. Hilo "si leo" lina uzito wake. Linampa mtoto nafasi ya kukujulisha kwamba kuna jambo bila kulazimika kulieleza, na wewe unajua wa kumwangalia kwa jicho la pembeni.

Kwenye swali la kwanza, msiweke vikatuni vitano vya sura kisha mkaridhika. Katuni ya uso ulionuna inabeba hasira, aibu, njaa na usingizi kwa pamoja. Mwanasaikolojia James Russell mwaka 1980 alipendekeza hisia zipangwe kwa mihimili miwili, ule wa raha na karaha na ule wa nguvu na utulivu, na majedwali mengi ya hisia yanayotumika shuleni leo yamefuata njia hiyo. Mpe mtoto maneno: kukereka, wasiwasi, upweke, wivu, kuchoka, kukata tamaa. Utafiti wa mwanasaikolojia Matthew Lieberman na wenzake wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mtu anapoitaja kwa jina hisia anayoiona kwenye picha ya uso, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, inayohusika na hofu na hisia kali, hupunguza msisimko wake. Kutaja tu tayari kuna msaada.

Lakini fomu ikishajazwa, nani anaisoma? Hapa ndipo pengi panapoharibika. Mtoto ameandika "sijalala, nyumbani kuna ugomvi," na siku nzima hakuna aliyemgusa hata kwa neno. Kesho ataandika "niko sawa". Keshokutwa darasa zima liko sawa, na mwalimu anafurahia jedwali lake lenye rangi ya kijani. Jibu lenyewe halihitaji kuwa refu. "Nimesoma. Nione kabla ya mapumziko," limetosha. Kama huna muda wa kusoma kila siku, uliza Jumatatu na Alhamisi tu. Na mtoto akiandika jambo linaloashiria kwamba anaumizwa au anataka kujiumiza, mazungumzo hayaendelei kwa ujumbe. Unamtafuta ana kwa ana siku hiyo hiyo na kufuata utaratibu wa shule wa ulinzi wa mtoto.

Na majibu hayo hayaoneshwi ukutani kwa projekta, hata bila majina. Watoto wanajuana, watakisia. Kwa sababu hiyo hiyo mimi sipendi kabisa mbao za pointi za tabia zinazoonekana na darasa zima. Mtoto aliye mkiani anajua yuko mkiani, na wenzake sasa wana namba ya kumtania nayo.

Twende kwa wale wakimya. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aligundua zamani kwamba walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumrukia mwingine au kujibu wenyewe. Wakivumilia sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Ubao wa pamoja wa mtandaoni kama Padlet unakulazimisha kusubiri. Kila mmoja anaandika kwa kasi yake, na aliye mkimya anasomwa sawa na msemaji. Washa kile kipengele cha kuidhinisha machapisho kabla hayajaonekana. Majina yafiche kwa wanafunzi wenzao ukipenda, kwako yasijifiche. Mwanasaikolojia John Suler alieleza mwaka 2004 jinsi watu wanavyolegeza breki wakijiona hawajulikani mtandaoni, na mtu mzima tu inamshinda.

Kazi za vikundi ndizo ninazozipenda kuliko zote. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake walibuni mwaka 1971, huko Austin, Texas, njia ya kumpa kila mwanakikundi kipande chake cha somo, ili kikundi kisiweze kumaliza bila yeye. Ilikuwa shule zinaanza kuchanganya watoto wa rangi tofauti na uhasama ulikuwa mkali. Leo njia hiyo inaingia vizuri kwenye hati ya pamoja ya mtandaoni, yenye historia ya mabadiliko. Fungueni historia hiyo. Mtaona mmoja ameandika sentensi, mwenzake ameifuta yote na kuandika ya kwake, wa kwanza hakurudi tena. Hilo ni somo zima la mahusiano, liko mbele yenu na saa imeandikwa. Weka kanuni: sentensi ya mwenzako haifutwi, inawekewa maoni. Na maoni yafundishwe kama tunavyofundisha insha: "Hapa sijakuelewa, unamaanisha…", "Ningeongeza kwamba…". "Vizuri sana" peke yake haihesabiki.

Wenye simu moja kwa darasa zima, msikate tamaa: vikaratasi kwenye boksi vinafanya kazi ile ile ya asubuhi, mradi visomwe. Data za fomu zifutwe mwisho wa muhula, na nenosiri lisiwe la ofisi nzima. Kikundi cha WhatsApp cha wazazi kiwe cha matangazo; habari ya mtoto mmoja inakwenda kwa mzazi wake faraghani.

Naona mkono kule nyuma umekuwa juu tangu nilipotaja pointi za tabia. Karibu, mwalimu, tuanze na wewe.