Mstari wa namba: mtoto aruke kwanza, kalamu ifuate

Jambo wazazi, jambo walimu. Karibuni. Tuko Goma, upande wa Ndosho, nyuma ya madarasa, na leo, katika video hii, tunawafundisha watoto wa mwaka wa kwanza wa primeri kujumlisha kwa mstari wa namba. Leteni chaki na kipande cha mti kilichonyooka. Kaye, yaani daftari, na biki ziache zilale ndani kwanza, zamu yao itafika.

Tafuteni mahali pa wazi. Sisi wa Goma tuna bahati moja katika kazi hii: jiwe la volkano ni jeusi, chaki nyeupe inaonekana juu yake hata kwa mtoto aliyesimama nyuma. Lakini jiwe hilohilo linachuna goti, kwa hiyo chagueni sehemu iliyosawazishwa. Kama uwanja wenu ni mchanga mweusi mtupu, chimbeni mfereji mdogo kwa fimbo, mwage majivu ndani yake. Sakafu ya saruji ikiwepo, basi hakuna maneno.

Sasa choreni mstari mmoja mrefu, ulionyooka. Tazameni ninavyotumia kipande cha mti: nakilaza chini, natia alama mwisho wake, nakisogeza, natia alama nyingine. Urefu wake ni hatua ya mtoto, siyo hatua yangu mimi. Msikadirie kwa macho. Mistari mingi ya ubaoni inaanza kwa nafasi pana, halafu 8, 9 na 10 zinabanana mwishoni kama abiria wa basi dogo saa ya jioni. Mtoto akiona hivyo ataamini kwamba kutoka 9 kwenda 10 ni safari fupi kuliko kutoka 1 kwenda 2.

Alama ya kwanza andikeni 0. Siyo 1. Sifuri ni pale mtoto anaposimama kabla hajaruka hata mara moja. Kisha endeleeni hadi 10, tosha kwa kuanza.

Tuanze na 5 + 3. Mtoto anasimama kwenye 0, anaruka mara tano, anafika 5. Anapumzika hapo. Sasa tunaongeza tatu. Angalieni miguu yake, na sikilizeni mdomo wake... Mmeona? Amesema «moja» akiwa bado amesimama kwenye 5. Akasema «mbili» kwenye 6, «tatu» kwenye 7. Ndiyo maana anajibu: «Mwalimu, ni saba!»

Hapa simamisheni video kidogo, kwa sababu somo lote limejificha hapa. Huyu mtoto anajua kuhesabu vizuri kabisa. Anachohesabu ni alama, na sisi tunahesabu miruko. Mkimwambia tu «umekosa, jibu ni nane», ataandika nane, na kesho atarudia saba kwenye hesabu nyingine. Fanyeni hivi: akiwa amesimama, mdomo umefungwa. Miguu ikigusa chini baada ya kuruka, ndipo wenzake wote wanapiga kofi na kuhesabu. Ruka, kofi, «moja». Ruka, kofi, «mbili». Ruka, kofi, «tatu». Kisha mwulizeni maswali mawili, na msiyachanganye: «Umeruka mara ngapi?» Tatu. «Sasa uko pa ngapi?» Nane. Rudieni na watoto wengine, hata kama mnachoka. Mimi singetoka hapa mpaka kila mmoja atofautishe maswali hayo mawili.

Darasa likiwa na watoto wengi, kama yalivyo mengi hapa kwetu, mmoja anaruka, wengine wanapiga makofi, na kila mmoja anaandika jibu kwenye kibao chake cha chaki kabla mrukaji hajafika. Hapo hakuna anayesinzia.

Tena jambo dogo. Wapeni 2 + 7. Mmoja aanzie 2 aruke mara saba, mwingine aanzie 7 aruke mara mbili. Wote wanakutana kwenye 9, lakini wa pili amefika mapema na hahemi. Msiwaelezee. Watoto wavivu ndio wanaogundua haraka kwamba ni heri kuanzia namba kubwa, na hapo uvivu wao ni akili.

Haya, tuingie ndani. Choreni mstari uleule kwenye kaye, tumieni miraba ya karatasi ili nafasi zilingane. Kila mruko ni upinde juu ya mstari. Mtoto akikosa, mwambieni ahesabu pinde kwa ncha ya biki, asiguse alama. Kwa wanaodhani huu ni mchezo wa watoto tu: mwaka 1685 mwanahesabu Mwingereza John Wallis alieleza kujumlisha na kutoa kwa mfano wa mtu anayetembea yadi kadhaa mbele, kisha anarudi nyuma.

Mkivuka 10, msimruhusu mtoto aruke mojamoja milele. Chukueni 8 + 5. Mwulizeni: «Kutoka 8 kufika 10, bado ngapi?» Mbili. Kwenye zile tano, tumetoa mbili, zimebaki tatu. Upinde mmoja wa 2, upinde mmoja wa 3, tumefika 13. Kama anasitasita, rudini kwenye punje kumi za maharagwe: gawanyeni mafungu mawili, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, mpaka ajibu bila kuangalia.

Kwa wakubwa kidogo, futeni namba zote. Mstari mtupu. Njia hii ilienea katika shule za Uholanzi miaka ya 1990. Kwa 27 + 15, mtoto anaandika 27 mwanzoni, anaruka 10 mpaka 37, anaruka 3 mpaka 40, anaruka 2 mpaka 42. Mwingine ataruka 3 kwanza, kisha 10, kisha 2. Acheni kila mmoja na njia yake.

Mama muuzaji wa soko la Virunga anafanya hivyohivyo anaporudisha chenji. Umenunua vitu vya faranga 650, umempa noti ya 1000: anakuwekea 50 mkononi, anasema «mia saba», kisha anaongeza 300, «elfu moja». Mpeni mtoto mfano huo aufanye kwenye mstari.

Kazi ya nyumbani ni hesabu tatu: 4 + 5, 6 + 7, na 38 + 14. Kwenye 6 + 7, tazameni kama ameanzia 7 na kama amesimama kwenye 10. Akiwa ameanzia 6 na kupata 13, mpeni alama zake zote, halafu mwombeni aoneshe njia fupi zaidi.