Nguva Ana Nywele?

MWANAIDI: Wasikilizaji wetu, hamjambo. Leo tumepanga kuzungumzia majani ya bahari, na kaka Kassim ana mafunzo matatu kwenye karatasi, lakini kabla hajaikunjua nina kesi ya nyumbani. Jumanne binti yangu, yule aliyepiga chafya katikati ya kipindi kilichopita, alirudi na daftari la sayansi. Waliambiwa wachore mnyama wa baharini, naye akamchora nguva kama nilivyomweleza: mwili mnene wa kijivu, pua butu iliyoinama chini, mkia uliogawanyika kama wa pomboo. Mwalimu akampigia mkasi kwa kalamu nyekundu, kisha akaandika pembeni: "Nguva ana nywele ndefu."

KASSIM: Pole kwa mtoto, dada, ingawa mwalimu hakukosea yote. Nguva ni mamalia, kwa hiyo ana vinyweleo vichache mwilini, na mdomoni ana nywele fupi ngumu anazopapasia majani anapokula.

MWANAIDI: Fupi, kaka. Mwalimu anataka za kusuka.

KASSIM: Basi tumsamehe, kwa kuwa hayuko peke yake. Columbus aliandika Januari 1493 kwamba ameona nguva-watu watatu karibu na kisiwa kimoja cha Karibi, akalalamika kuwa si wazuri kama wanavyochorwa. Inaaminika kuwa aliowaona ni manatii, ndugu wa nguva mwenye mkia wa mviringo kama mwiko.

MWANAIDI: Unacheka, lakini mimi limenikera. Mtoto wa pwani akiulizwa nguva ni nini, anamwona mwanamke aliyeketi juu ya mwamba akichana nywele. Hajui kwamba ni mnyama wa kweli, anayezaa mtoto mmoja baada ya mimba ya zaidi ya mwaka mzima, kisha akakaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, wakikadiriwa kubaki wakubwa wasiofika 250, na wengi wao wako Bazaruto, Msumbiji. Huku kwetu, kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa, anayeonekana ni wa bahati. Mtu atamlindaje mnyama anayedhani ni hadithi?

KASSIM: Hapo ndipo tunapoachana njia. Hadithi ndiyo iliyomfanya nguva akumbukwe hata na asiyewahi kukanyaga mchanga wa ufukweni. Nani anasimulia habari za chewa usiku?

MWANAIDI: Na wazee wetu husimulia nini? Kwamba mvuvi aliyeleta nguva sokoni aliapishwa kwanza kuwa hakulala naye. Akishaapa, nyama ikagawanywa. Hadithi ilimlinda mlaji na aibu, kaka, haikumlinda nguva na kisu.

KASSIM: Kwa mujibu wa simulizi hiyo hiyo, mvuvi aliona haya mbele ya nguva. Mbele ya papa haoni haya. Mimi ningeanzia kwenye haya hiyo.

MWANAIDI: Nenda Florida basi, kule Marekani. Manatii wanapendwa mno huko, wana sheria, wana vibao vya kupunguza mwendo wa boti, na bado mwaka 2021 walikufa takriban 1,100, wengi kwa njaa. Maji ya wangwa wa huko, Indian River Lagoon, yalijaa uchafu wenye mbolea, mwani ukastawi, ukaziba mwanga, majani ya chini yakafa. Mapenzi hayaoteshi majani.

KASSIM: Na majira ya baridi yaliyofuata walilishwa letusi kwa tani. Mnyama asiyependwa haletewi letusi.

MWANAIDI: Letusi ni aibu, si ulinzi.

KASSIM: Ni chakula, dada.

MWANAIDI: Sikubali.

KASSIM: Nami sirudi nyuma. Fundi mitambo ananyoosha vidole viwili, tuna dakika mbili, na karatasi yangu bado imekunjwa.

MWANAIDI: Soma japo la kwanza.

KASSIM: La kwanza ni jarife, ule wavu mkubwa wa kutega. Nguva hana budi kuibuka kila baada ya dakika chache avute pumzi, na jarife likitegwa usiku kucha penye majani anayolisha, akinasa anakufa maji kabla mwenye wavu hajaamka. Kuhusu saa na mahali pa kulitega nilikuwa na maelezo marefu, pamoja na la pili na la tatu, lakini hayatoshi ndani ya dakika moja.

MWANAIDI: Yakae hadi wiki ijayo. Binti yangu anarudia mchoro kesho, nimwambie nini?

KASSIM: Amwekee nywele.

MWANAIDI: Kaka Kassim!

KASSIM: Mdomoni, dada. Fupi.