Orlando na Watani Wake wa Jadi: Disney na Universal

JUMA: Wasikilizaji wetu, karibuni. Leo tuko Orlando, Florida. Kama Dar es Salaam ina Simba na Yanga, mji huu nao una watani wake wa jadi, Disney na Universal, kampuni mbili zenye bustani za burudani. Dada Mwanaisha ni Disney damudamu, mimi niko upande wa pili.

MWANAISHA: Kaka Juma, mimi ni mtu wa Lamu, na upenzi wangu ulianzia hapo. Siku ya kwanza nilipoingia Animal Kingdom, ile bustani ya wanyama ya Disney, nilikata kona nikajikuta mbele ya kuta zilizobabuka lipu, na vibao vya Kiswahili. Harambe! Wenzangu wakapita, mimi miguu ikagoma.

JUMA: Tuwaambie watu kwamba Harambe ni mji wa kubuni.

MWANAISHA: Wa kubuni, ndiyo, lakini wabunifu wake walifika Lamu wakazitazama nyumba zetu kwa makini. Jina tu ndilo limewaponyoka kidogo. Sisi tunaandika harambee, e mbili. Wao wamebaki na moja. Lakini ile lipu, kaka, imebabuka vilevile kama nyumba iliyokaa na upepo wa bahari miaka mia. Mtu alikaa akafikiria kila ufa. Ukitoka hapo unapanda gari la Kilimanjaro Safaris. Mibuyu ni ya kutengenezwa, lakini twiga ni twiga, tembo ni tembo. Halafu kuna hoteli yao ambapo unaamka asubuhi, unatoka barazani, pundamilia yuko chini anakula majani. Mikahawa yake inaitwa Boma, Jiko, Sanaa. Nimeishi ugenini miaka mingi, na kusikia Mmarekani akimwambia mkewe "twende Jiko" kulinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

JUMA: Nakubali, na wala sibishi. Ila nani aliwafanya Disney wajitume hivyo? Mtani wao! Walifungua Florida mwaka 1971, kwenye ardhi ambayo leo ni takriban kilomita za mraba 100. Miaka karibu 20 hakuna aliyewatikisa. Universal nao walikuwa California, wakitembeza wageni ndani ya studio zao za filamu tangu 1964. Walipopanga kuja Orlando, Disney wakawawahi. Mei 1989 wakafungua bustani yao ya sinema, nayo ikiwa na kigari cha kutembeza watu studio. Universal walilalamika kwamba wazo lao limechukuliwa. Wao wakafungua Juni 1990.

MWANAISHA: Na siku hiyo ya ufunguzi ilikuwaje? Usiiruke.

JUMA: Siiruki. Mitambo mikubwa ilikwama. Papa, yule samaki wa filamu ya Jaws, alikwama, King Kong akakwama, tetemeko la ardhi nalo likakwama. Watu wakapewa tiketi za kurudi siku nyingine bure. Lakini ndiyo maana nawapenda! Papa walimjenga upya, akatisha watu mpaka 2012, kisha eneo lake likavunjwa, na mwaka 2014 pakasimama mtaa wa wachawi wa hadithi za Harry Potter.

MWANAISHA: Hapo ndipo Disney walipopata homa.

JUMA: Homa ilianza Juni 2010, sehemu ya kwanza ya Harry Potter ilipofunguliwa. Dada, ukiingia pale unaona theluji juu ya mapaa, na jua la Florida linakuchoma utosini. Unanunua fimbo ya kichawi, unakunywa kile kinywaji chenye povu ambacho wahusika wenyewe wanakunywa. Duka, choo, ukuta, vyote viko ndani ya hadithi. Na baadaye wakaleta treni inayotoka bustani moja ya Universal kwenda ya pili. Umekaa kwenye behewa, dirishani unaona Uingereza inapita.

MWANAISHA: Na ili uipande lazima uwe na tiketi ya bustani zote mbili.

JUMA: Lazima. Nililipa, nikapanda kwenda na kurudi.

MWANAISHA: Na sisi tukajibu. Mwaka 2011 Disney walitangaza Pandora, eneo la filamu ya Avatar, ikafunguliwa 2017, na milima yake inayoelea. Usiku mimea inang'aa njiani, watoto wanatembea kimya kama wako msikitini. Miaka miwili baadaye, eneo la Star Wars. Halafu Mei 2025 wenzenu wakaja na Epic Universe, bustani nzima mpya. Nilisikia habari ile nikafurahi, mimi mwana-Disney! Najua wetu hawatalala.

JUMA: Hilo ndilo ninaloliombea. Pasingekuwa na Universal, Disney wangepaka rangi upya mitambo ya zamani. Pasingekuwa na Disney, Universal wasingejifunza kujali ufa wa ukuta. Kinachoniuma ni bei. Tiketi ya siku moja ya mtu mmoja mara nyingi inapita dola 100. Familia ya watu watano inaweka akiba mwaka mzima.

MWANAISHA: Inauma kweli. Ndiyo maana mimi huchagua bustani moja tu kwa safari, nikaimaliza taratibu. Na ile rola kosta yako, VelociCoaster, bado naiogopa.

JUMA: Inapanda mita 47, inakimbia zaidi ya kilomita 110 kwa saa, na inakupindua kichwa chini juu ya maji. Ukishuka unajisikia umezaliwa upya.

MWANAISHA: Mimi nilizaliwa mara moja pale mtaa wa Langoni, Lamu, inatosha. Lakini nikuambie la mwisho. Nilimpeleka mama Harambe alipokuja kututembelea. Akashika ukuta, akazunguka mtaa wote, akasoma vibao kwa sauti. Nikamwuliza, "Mama, waonaje?" Akatazama huku na huku, akasema, "Wamejitahidi, mwanangu. Lakini punda wako wapi?"

JUMA: Eh! Lamu bila punda!

MWANAISHA: Akawatafuta mpaka tunatoka getini.